Kura 22 za Kitenge cha Buluu

Si mbali na Hospitali ya Gihundwe, hapa Rusizi, kuna duka la vitenge lenye kibaraza cha saruji, na juu ya kibaraza hicho watu wanne walibishana alasiri nzima kwa sababu ya picha mbili. Zote zilikuwa za kitenge kimoja. Ya kwanza ilipigwa mlangoni, kitambaa kimewekwa juu ya kiti cha plastiki, nusu kimekunjuliwa. Ya pili ilipigwa ndani, kitambaa kimebanwa ukutani kwa pini, taa nyeupe juu yake, kinang'aa kama Ziwa Kivu kabla wavuvi wa sambaza hawajarudi. Mwenye duka alizituma zote mbili kwenye grupu lake la WhatsApp, akaweka kura: ipi nzuri zaidi? Watu 40 walipiga. Ya pili ikashinda, 22 kwa 18. Akaitia kwenye katalogi, akaiposti kwenye stetasi, na wiki haijaisha oda zikaingia kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kisha kikaingia na kitambaa chenyewe, kimerudishwa.

Watu hawa siwataji majina. Mmoja wao ni watu wawili niliowakunja kuwa mmoja, na maneno nimeyapanga mimi.

MAMA WA VITENGE: Msinicheke. Mimi sikusomea biashara ya mtandao. Zamani mteja wa Bukavu alivuka daraja asubuhi, akafika hapa, akakishika kitambaa, akakigeuza nyuma, akakinusa. Mnajua kwamba wananusa? Harufu inawaambia mambo ambayo mimi siwaambii. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Juni, wilaya nyingine zinafunguliwa, Rusizi yetu imefungiwa. Mali iko ndani, wateja wako ng'ambo ya mto. Ndipo simu ikawa duka. Mpaka ulifunguliwa, lakini watu walikwisha kuzoea: wanaangalia picha, wanalipa, mzigo unawakuta darajani. Picha ndiyo mkono wao sasa.

KIJANA WA PICHA: Ndiyo maana nikakushauri upige kura, mama. Mkono wa watu wengi haukosei kama jicho la mtu mmoja. Wenzetu hawaweki picha kwa kubahatisha. Muuzaji wa Amazon ana sheria kwanza: picha ya mbele, nyuma ya bidhaa pawe peupe kabisa, na bidhaa yenyewe ijaze asilimia 85 ya fremu. Halafu ndani ya sheria hiyo anajaribu. Kuna kampuni inaitwa PickFu, tangu 2008 kazi yake ni hiyo: unaleta picha mbili, unalipa, watu wasiokujua wanachagua na wanaandika kwa nini. Google nao, tangu 2015, wanamruhusu mwenye programu aonyeshe watu hawa picha hii na watu wale picha ile, kisha ahesabu. Sisi hatuna hela ya PickFu. Tuna WhatsApp. Kura ziliwekwa humo Novemba 2022, na ni bure.

MWALIMU: Umesema neno, mwanangu, ukalipita haraka. Umesema "watu wasiokujua". Hawa 40 wa mama, nani kati yao hamjui?

Mama akafungua simu. Kila anayetumia kura za WhatsApp anajua kwamba si kura za siri: unabonyeza, majina yote yanajipanga, na nani alichagua nini. Tukaanza kusoma. Wa kwanza kupiga kura, dakika ileile, alikuwa wifi yake. Ameichagua ya ukutani, kwa sababu ukuta ni wa nyumba ya kaka yake, na taa aliinunua yeye. Baada ya wifi walifuata watatu wa kwaya. Baada ya kwaya, watu wa ikimina, chama chao cha kuweka akiba, ambao mama ndiye mweka hazina wao.

MWALIMU: Sasa nani katika ikimina atampinga wifi wa mweka hazina kwa jina lake, mbele ya watu?

KIJANA WA PICHA: Mwalimu, unaigeuza kura ya kitambaa kuwa uchaguzi wa bunge.

MWALIMU: Naiheshimu kuliko wewe. Mimi nasema tuihesabu sawasawa. Chukua sarafu ya faranga, irushe mara 40. Upande huu ni picha ya kwanza, upande ule ya pili. Sarafu haijui kitenge, haina wifi. Ukirudia zoezi hilo mara 100, karibu mara 64 utapata pengo la kura nne au zaidi. Yaani 22 kwa 18 ni jambo ambalo sarafu inalifanya bila kujitahidi. Mimi ningeanza kusikiliza pengo likifika 27 kwa 13, maana hapo bahati tupu ingetoa pengo kama hilo mara nne hivi katika 100.

MAMA WA VITENGE: Kwa hiyo nilishindwa na sarafu.

MWALIMU: Hukushindwa, mama. Hukucheza. Uliambiwa umepata jibu, na jibu lilikuwa bado.

Hesabu hii niliirudia nyumbani kwa kalamu, nikaikuta ni kweli, na nikaona aibu kidogo. Magazeti yetu yanaandika "wengi wamependelea" kila wiki, kwa pengo dogo kuliko hilo.

Ilikuwa zamu ya sauti ambayo haikuwapo kibarazani. Mteja aliyerudisha kitenge alikuwa ametuma ujumbe wa sauti, na mama akauweka wazi sote tuusikie. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, chenye kuteremka na kupanda kama barabara za mji wenyewe.

MTEJA WA NG'AMBO: Mama, kikwembe kimefika, aksanti. Lakini haiko ile ya ku picha. Ku picha niliona buluu, ya kwenda na sketi ya dada yangu siku ya arusi. Hii ni kijani. Na maua ni makubwa, mama. Ku picha yalikuwa madogo madogo. Mie sikasiriki, unajua nakupenda. Lakini narudisha.

Kijana akashika kichwa. Alijua kosa liko wapi kabla hatujamuuliza: taa ya ndani ina weupe wa kibuluu, na simu, ambayo hujirekebishia rangi yenyewe bila kukuuliza, ilikuwa imeuvuta ukijani wa kitambaa kuelekea buluu. Kuhusu maua, kitambaa kilichobanwa ukutani peke yake hakina kipimo. Hakuna kiti, hakuna mkono, hakuna kitu ambacho jicho linakijua ukubwa wake. Yadi sita ukutani zinaweza kuwa leso.

BINTI WA KAHAWA: Shangazi, hebu nipe simu.

Huyu ni mpwa wa mama, anafanya kazi kwenye kituo cha kuoshea kahawa, na muda wote alikuwa kimya akimenya machungwa. Alipitia orodha ya wapiga kura akitazama namba tu, si majina. Zenye 250 ni za Rwanda, zenye 243 ni za Kongo.

BINTI WA KAHAWA: Wako 11 wa 243. Nane kati yao waliichagua ya kiti cha plastiki. Wateja wako walikuambia, shangazi. Walizamishwa na kwaya.

KIJANA WA PICHA: Nane kwa tatu! Mwalimu, umeona?

MWALIMU: Nimeona, na sifurahi bado. Sarafu ikirushwa mara 11 inatoa pengo kama hilo, upande huu au ule, mara 23 hivi katika 100. Msinifanye nikatae 22 kwa 18 halafu nikubali nane kwa tatu kwa sababu imenipendeza.

Hapo nilimpenda mwalimu. Ni rahisi mtu kuikumbuka hesabu pale tu inapomwangusha mwenzake.

Lakini binti alikuwa na hoja nyingine, iliyotoka kazini kwake. Rusizi ni nyumba ya kahawa: miche ya kwanza ya nchi hii ilipandwa Mibirizi mwaka 1904, kwenye misheni, na mpaka leo kuna aina ya mbuni inayoitwa Mibirizi, inayotajwa kwa jina hilo na watu ambao hawatafika hapa milele. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya mashindano ya Cup of Excellence. Binti anajua kahawa inavyoonjwa.

BINTI WA KAHAWA: Mezani kwetu hakuna jina la mkulima. Kuna kikombe na namba. Mwonjaji anavuta kwa kijiko, anatema, anaandika alama zake peke yake, na hatakiwi hata kukunja uso, maana uso wake utamwambia jirani. Wakimaliza wote ndipo wanazungumza. Nyinyi mnafanya kinyume. Mnataja jina, mnaonyesha nani kachagua nini, tena mnawaonyesha wakiwa bado wanachagua. Kahawa ingeonjwa hivyo, kila mwaka lingeshinda shamba la mkwe wa mwenyekiti.

KIJANA WA PICHA: Basi nitamtumia kila mtu peke yake, inboksi, picha zenye namba. Ni kazi, lakini inafanyika. Ila msiseme kura ni upuuzi. Mwezi uliopita nilipiga picha za pakiti ya kahawa kwa mtu anayetaka kuwauzia Wanyarwanda wa Ubelgiji. Tulikuwa na tatu: ya kikombe, ya kilima cha chai na kahawa, na ya gorila. Gorila alishinda mbali kabisa. Hiyo si sarafu, mwalimu.

MWALIMU: Gorila wa Rwanda wako kaskazini, kwenye volkano. Msitu wetu ni Nyungwe, na Nyungwe ina sokwe, haina gorila. Ukitaka gorila wa karibu na Gihundwe itabidi uvuke daraja, upite Bukavu, uende Kahuzi-Biega, na hao ni wa Kongo.

MAMA WA VITENGE: Yaani mtu wa Brussels ananunua kahawa ya Rusizi kwa uso wa mnyama wa Musanze?

MWALIMU: Ni uongo uleule wa buluu.

Hapa naomba kuwaacha, maana hapa mwalimu ananishinda kumfuata. Uongo wa buluu na gorila si ndugu. Hakuna anayefungua pakiti ya kahawa akitegemea kumkuta gorila ndani. Yule mnyama ni bendera, anasema "hii imetoka Rwanda", na amekwisha kuifanya kazi hiyo mbali sana. Alibaba walipozindua jukwaa lao la biashara Kigali, Oktoba 2018, kahawa ilikuwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo za Rwanda kupelekwa kwa wanunuzi wa China, na moja ya chapa zilizosafiri inaitwa Gorilla's Coffee. Sina ugomvi nayo. Lakini rangi ya kitenge si bendera. Rangi ndiyo bidhaa. Mwanamke wa Bukavu hakununua pamba iliyopakwa wazo la buluu. Alinunua buluu, ya kwenda na sketi. Picha ya bidhaa ina sehemu inayopamba na sehemu inayoahidi, na kura ya "ipi nzuri" inapima pambo tu. Ahadi haipimi, kwa sababu anayepiga kura hapokei mzigo.

Niliwaambia hivyo. Kijana akanitazama kwa jicho la mtu aliyeshauriwa na asiyewahi kushika kamera.

KIJANA WA PICHA: Mzee, sikatai. Lakini nipe kitu cha kufanya. Kusema kura haipimi ahadi hakuniwekei picha kwenye katalogi.

Swali la haki. Mwalimu ndiye aliyelijibu kwanza, na jibu lake lilikuwa la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1923 Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo Mmarekani, alitoa kitabu kidogo kuhusu utangazaji wa kisayansi. Njia yake haikuwa kuuliza watu tangazo lipi wanalipenda. Alichapisha tangazo hili gazeti hili na lile gazeti lile, kila moja likiwa na kipande cha kukata chenye alama yake, kisha akahesabu vipande vilivyorudi kwa posta. Mtu aliyechukua mkasi, akakata, akalipa stempu, huyo amepiga kura.

MWALIMU: Mama, unayo ile orodha ya kutuma? Si grupu. Ile ambayo ujumbe mmoja unawafikia wengi, kila mmoja anadhani ametumiwa yeye.

MAMA WA VITENGE: Ninayo. Inachukua watu 256, na inawafikia waliohifadhi namba yangu tu.

MWALIMU: Vizuri zaidi, hao angalau wanakuhitaji. Gawa wateja wako orodha mbili kwa tarakimu ya mwisho ya namba zao. Witiri wapate picha ya mlangoni, shufwa wapate ya ukutani. Usichague wewe nani aende wapi, maana utawapa marafiki zako ile unayoipenda. Siku moja, saa moja, bei moja, maneno yaleyale. Kisha hesabu vitu vitatu: waliouliza bei, waliolipa, na waliorudisha.

KIJANA WA PICHA: Waliorudisha! Hicho ndicho hakuna anayehesabu.

MAMA WA VITENGE: Mimi nahesabu. Mbebaji wa darajani namlipa mara mbili, kwenda na kurudi. Na kitambaa kilichorudi kimekunjwa vingine, kina harufu ya nyumba ya mtu. Nitakiuza kwa bei ya kusukuma.

Ni njia nzuri, na ningependa kila muuza duka aijue. Ina kasoro moja ambayo binti aliiona upesi kuliko sisi wazee: inataka wateja wengi na muda mrefu, na mama ana vitenge vya sampuli hii vinne tu. Mpaka hesabu ikomae, kitambaa kimeisha na mtindo umepita. Hopkins alikuwa na magazeti ya bara zima. Mama ana namba mia na kitu.

Vitambaa vina historia ndefu ya kuwauliza wanunuzi kwanza. Wachapaji wa Uholanzi na Uingereza waliokuwa wakiwachapia kanga wanawake wa Zanzibar na Mombasa walitegemea sampuli na taarifa za mawakala na wafanyabiashara wa pwani, kwa sababu mitindo ya kule iligeuka haraka na robota la mtindo uliopita lilikuwa hasara tupu. Lome, nchini Togo, wanawake wauza vitambaa waliokuja kuitwa Nana Benz walikuwa na uzito hata kwa Vlisco, kampuni ya Helmond iliyoanza 1846. Wao ndio waliokipa kitambaa jina sokoni, na kitambaa kisicho na jina kilikuwa mzigo. Lakini tazama: hao wote waliulizwa kuhusu kitambaa. Walikishika. Leo tunauliza kuhusu picha, na ile tofauti kati ya picha na kitambaa ndiyo iliyovuka daraja mara mbili.

Kwa hiyo nilitoa pendekezo langu, na sioni haya kulirudia hapa. Badilisheni swali. Kabla ya kuwauliza watu ipi wanaipenda, mwonyesheni kila mtu picha moja tu, peke yake, mkamwuliza: ukikipokea kesho, unategemea kupokea nini? Rangi gani, ukubwa gani, upande wa nyuma ukoje, kama bei gani? Kisha linganisheni majibu na kitambaa kilichoko mezani. Picha ambayo watu wanaiona buluu, na mezani ni kijani, itupwe hata ikipata kura zote 40. Zikibaki mbili zinazosema kweli, hapo ndipo mpige kura ya uzuri mpaka mchoke.

KIJANA WA PICHA: Na hapo hatuhitaji 40. Watu watano wakisema buluu, imetosha, kosa limeonekana.

MWALIMU: Hapo nakubali. Kutafuta kosa kunataka watu wachache. Kutafuta mshindi ndiko kunakotaka umati.

BINTI WA KAHAWA: Waulizwe kwa lugha yao. Kura ya shangazi iliandikwa Kinyarwanda. Wale 11 wa Bukavu walisaidiwa na picha, si na swali.

Hilo hakuna aliyelifikiria. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na katika duka hili kimekuwa lugha ya pesa siku zote.

MAMA WA VITENGE: Mmemaliza? Jua linashuka, na nyinyi mmekaa mbele ya mali yangu.

Akakitoa kile kitenge kilichorudi. Kijana alitaka kukitundika, akakatazwa. Kikawekwa juu ya kiti cha plastiki, nje, kivulini, mbali na mwanga wa taa. Upande wa nyuma uligeuzwa kidogo uonekane, na pindo lenye maandishi ya kiwanda likaachwa wazi. Mama akaweka mkono wake juu ya ua moja, vidole vimetanuka, ili ukubwa wake ujulikane. Kijana akapiga, akaipunguza mpaka ikawa ndogo kama ukucha, maana ndivyo itakavyoonekana kwenye katalogi ya mtu mwenye bando la mwisho wa mwezi, akanyoosha mkono aitazame kwa mbali. Akarudia mara mbili. Haikuwa picha nzuri. Ukucha wa mama ulikuwa na unga.

Ikatumwa kwa watu watano wa 243, mmoja mmoja, na swali kwa Kiswahili. Jibu la kwanza lilifika kabla machungwa ya binti hayajaisha: "Kijani. Yadi sita. Maua makubwa kama mkono wako. Bei?"